Kaburi Nililolikosa Nyeri

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe. Ukweli wa methali hiyo niliuonja siku yangu ya kwanza mjini Nyeri, niliposimama stejini nikiwa nimepakata kopo lenye mche wa mukurwe, huku nikigeuza shingo kushoto na kulia, hata kijana wa bodaboda akanitambua kabla sijafumbua kinywa.

Nilikuwa nimetoka Kangema alfajiri kwa njia ya Kiria-ini na Othaya, nikiwa nimejifunga mkanda bila ya kuamrishwa. Sisi wa Kangema hatuna budi: aliyewashurutisha abiria wa matatu kujifunga mwaka wa 2004, marehemu John Michuki, alikuwa mbunge wetu. (Utingo hakujifunga; tuyaache hayo.)

Msomaji atashangaa kwamba mtu aweza kuzeeka jirani na mji asiutie mguu. Lakini kwetu Nyeri haukuwa mji wa kutembelewa. Nyanya alipoutaja alishusha sauti, kwani kwake lilikuwa jina la mahakama. Hapo ndipo Dedan Kimathi alipohukumiwa kifo Novemba 1956, mwezi mmoja tu baada ya kupigwa risasi na kukamatwa.

Nikamwambia kijana, "Nipeleke kaburini." Hakuuliza la nani. "Panda, mzee," akasema, na punde tukawa mbele ya jiwe jeupe la Baden-Powell.

Sina ugomvi na marehemu huyo. Mwingereza aliyeanzisha uskauti duniani alihamia Nyeri mwaka wa 1938, akaishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu kwenye hoteli ya Outspan, na humo akafariki Januari 8, 1941. Mkewe naye amezikwa papo hapo. Hatua chache kutoka hapo amelala Jim Corbett, mwindaji aliyesifika kwa kuwaua chui-milia wala watu kule India. Jiwe la Baden-Powell limechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo kwa maskauti ina maana ya "nimekwenda nyumbani". Nakiri kwamba alama hiyo ilinigusa kuliko nilivyotarajia.

"Mwanangu," nikamwambia, "nilitaka la Kimathi."

Alitaka kucheka, kisha akaona sitanii. "Hilo halipo, mzee."

Naam, halipo. Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti Februari 18, 1957, akafukiwa mumo humo pasipo alama. Mkoloni alijua vyema kwamba kaburi huwa na wageni. Lakini tangu mkoloni aondoke imepita miaka mingapi? Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa chama haramu hadi mwaka wa 2003. Sanamu ikasimamishwa Nairobi mwaka wa 2007, na hapa Nyeri kipo chuo kikuu chenye jina lake. Majina na sanamu ni vitu vyepesi kutoa. Mwaka wa 2019 habari zilivuma kwamba kaburi limeonekana, serikali ikakanusha. Mjane wake, Mukami, aliyeziomba serikali moja baada ya nyingine zimwonyeshe mifupa ya mumewe, alifariki Mei 2023, akazikwa Njabini bila ya kuiona.

Mimi siamini kwamba jambo hili halitafutiki. Kimathi hakupotelea msituni Nyandarua. Alifia mikononi mwa serikali, ndani ya kuta za serikali, na gereza ni mahali pa madaftari: mfungwa huandikwa aingiapo na huandikwa atokapo, hata akitoka maiti. Kamiti ingali gereza, na ardhi yake ingali mikononi mwa serikali. Kinachokosekana ni amri ya kupekua na kuchimba.

Kijana aliutazama mche wangu. "Basi upande hapa, mzee. Maji yapo, na nyasi hukatwa."

Nilimshukuru, nikamlipa. Jioni nilirejea Kangema nikiwa nimeupakata, na leo ungali ndani ya kopo lake mlangoni pangu, mizizi imeanza kutoboa chini.