Ndoa Iliyofutwa kwa Kalamu

Vijana wetu wanapobishana juu ya uvumi kwamba hadithi za Superman zitaanzwa upya, tusiwacheke. Wana sababu. Shujaa huyo alizuka mwaka 1938, na wachapishaji wake, DC, wamekwisha kuuvunja na kuujenga upya ulimwengu wake mara kadhaa, ili msomaji mgeni asilemewe na mambo ya kale. Mwaka 1996 alimwoa Lois Lane. Mwaka 2011 magazeti 52 ya katuni yalianza tena na toleo la kwanza, na ndoa ile ikawa kama haikufungwa kamwe. Mwaka 2016 alirejeshwa Superman mwenye mke na mtoto. Kalamu ni ya mchapishaji, lakini kumbukumbu ni ya msomaji. Mwulize mwanao: ni hadithi ipi asiyotaka ifutwe?