Bonde la Jalón na Majina Yake

Mwenye Kiswahili kinywani akipanda baiskeli katika mashamba ya Hispania hubeba, pasipo kujua, ramani ambayo Mwingereza au Mjerumani anayempita kwa baiskeli ya bei mara kumi ya yake hanayo, kwa maana yeye anaweza kuvifasiri vibao vya barabarani. Sisemi kwamba anajua Kihispania. Nasema kwamba maneno ya Kiarabu yaliyofika pwani yetu kwa majahazi na pepo za kaskazi yana ndugu zake waliovuka mlango wa bahari penye Jabali la Tariq, ambalo Wazungu huliita Gibraltar, mwaka 711 pamoja na majeshi ya Waarabu na Waberberi, wakakaa katika nchi ile karne karibu nane, na watu walipoondolewa maneno yakabaki. Mhispania akitaka sukari husema azúcar, na zeituni huziita aceitunas. Mtu asiyetajwa kwa jina ni fulano, ambaye ndiye fulani wetu. Na ile “hata” ya wazee wetu, yenye maana ya “mpaka”, yeye huitamka hasta.

Mwanachuoni hufaidi jambo hili kwa akili, na mpanda baiskeli hulifaidi kwa magoti. Jina linaloanza kwa Guad-, kama Guadalajara au Guadalquivir, ni wadi, yaani bonde la mto, na anayeliendea aghalabu huwa anashuka. Jina lenye Alcalá au Calat- ndani yake ni qal'a, yaani ngome, na kwa kuwa ngome haijengwi shimoni, mwenye busara hubadilisha gia kabla hajaiona. Alcántara ni daraja, na daraja ndipo mahali pa chini kabisa kabla ya kuanza kupanda ng'ambo ya pili. Almenara ni mnara, ule uliowashwa moto wa kutoa habari za hatari, basi hakuna haja ya kuuliza uliko, inua macho. Kweli yapo majina yenye hadaa. Alcalá de Henares, mji aliozaliwa Cervantes mwaka 1547, uko tambarare kabisa, lakini hadaa yenyewe ina sababu, maana ngome ya Waarabu iliyoupa mji jina ilikuwa ng'ambo ya mto, juu ya kilima, na watu waliihama wakateremka bondeni zilipopungua hofu za vita.

Na hofu za vita ndizo zilizoichora nchi hii. Mto huwapa watu maji, shamba, kinu na njia, lakini njia ile ile iletayo mfanya biashara huleta na adui. Kwa hiyo watu wa zama zile walilima chini na kulala juu, na mpanda baiskeli wa leo hurithi desturi yao kila jioni, kwani baada ya kustarehe kutwa kando ya mto hana budi kupanda kilima cha mwisho ndipo apate kitanda. Sidhani ni bahati tu kwamba Federico Bahamontes, Mhispania wa kwanza kushinda mashindano makuu ya Ufaransa, mwaka 1959, ambaye kwa umahiri wake wa kupanda milima aliitwa Tai wa Toledo, alikulia katika mji uliokaa juu ya mwamba na kuzungukwa na mto Tajo pande tatu. Mtoto wa mji kama huo akitumwa chini hurudi kwa kupanda.

Katika mabonde yote ya nchi hiyo mimi humchagulia mgeni bonde la Jalón, ingawa Guadalquivir una sifa kubwa zaidi. Jalón huchimbuka Castilla, katika mkoa wa Soria, karibu na safu ya Sierra Ministra, ambayo si ya urefu wa kutisha wala haina sura ya ajabu, lakini ina hadhi ya namna yake: mvua inayonyesha upande mmoja huingia Duero, ya upande wa pili huingia Henares na kufuata Tajo hata Lisbon, na ya upande wa tatu huingia Jalón, kisha Ebro, ikaishia Bahari ya Mediterania. Hatua chache za mchungaji hutenganisha bahari mbili.

Hapo ndipo ulipo mji wa Medinaceli, kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na karibu mita 200 juu ya bonde. Warumi waliacha pale lango la mawe lenye matao matatu, ambalo mpandaji huliona angali chini akihangaika na pumzi. Waarabu waliuita Madinat Salim, mji wa Salim, wakaufanya makao ya jeshi la mpakani, na ndipo alipofariki mwaka 1002 Al-Mansur, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko khalifa wake, akirejea kutoka vitani. Waliokuja baadaye, walipokuwa hawamkumbuki tena Salim, waliusikia mwisho wa jina kwa masikio ya Kilatini wakaufasiri kuwa ni mji wa mbinguni. Wanahistoria huicheka tafsiri hiyo, lakini mtu aliyeupanda mlima wake kwa miguu yake mwenyewe atasita kuikanusha.

Yafaa hapa tuingie kidogo katika hesabu. Kutoka kituo cha treni kilichoko bondeni mpaka langoni juu, njia hupanda wastani wa mita 6 hivi katika kila mita 100. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa kilo 85, mteremko wa namna hiyo huwavuta nyuma kana kwamba wamefungwa kamba yenye uzito wa kilo 5 unaoning'inia. Baiskeli ya kisasa ya barabarani, yenye meno 34 mbele na 32 nyuma, huenda mita 2 na kitu tu kwa mzunguko mmoja wa pedeli. Kwa mizunguko 60 ya dakika moja mwendo huwa kilomita 8 kwa saa, mwendo mdogo, lakini usiokatika. Baiskeli nzito ya gia moja tuliyoizoea Afrika Mashariki huenda kiasi cha mita 5 kwa mzunguko mmoja, na ndiyo maana mwenyewe akifika mlimani hushuka akaisukuma, wala hilo si uvivu. Mguu wa binadamu una kiwango chake, na asiyeweza kupunguza mzigo kwa gia huupunguza kwa kutembea.

Ukigeuza uso kuelekea mji wa Calatayud, mambo hubadilika. Kutoka kituo kile, kilichoko mita 1,000 na kidogo juu ya bahari, mpaka Calatayud, ulioko mita 530 hivi, ni kilomita zipatazo 85, na maana yake ni kwamba mto huteremka mita 5 au 6 katika kila kilomita. Jicho haliuoni mteremko huo, na mtu asiye na ujuzi atadhani siku hiyo ameamka na nguvu za ajabu. Ukweli ni kwamba dunia humvuta mbele kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa nusu kilo, na msuguano wa tairi zilizojaa upepo vizuri, zikipita juu ya lami, hula karibu kiasi hicho hicho. Mto, kwa maneno mengine, hulipa deni la tairi, na linalobaki ni deni la hewa, ambalo hulipwa na mwenye baiskeli, tena kwa riba, kwa sababu ukiongeza mwendo mara mbili, hewa hukuzuia mara nne. Kwa hiyo anayeshuka bonde hili kwa pupa hupoteza bure karama aliyopewa, ilhali anayekwenda kwa utulivu wa kilomita 20 au 22 kwa saa, mgongo umeinama kidogo na viwiko havikukakamaa, hufika bila ya kujua aliyembeba.

Barabara kuu mpya imewachukua wenye magari na haraka zao, na sehemu kubwa ya barabara ya zamani ya kutoka Madrid kwenda Zaragoza imebaki kwa watu wa vijiji, matrekta na wapanda baiskeli. Humpitisha mtu chini ya Somaén, kijiji kilichong'ang'ania mwambani na mnara wake, na Arcos de Jalón, mji wa watu wa reli, na Santa María de Huerta, ambako watawa wa Kikristo waliweka msingi wa nyumba yao mwaka 1179. Ukumbi wao wa kulia, wa karne ya 13, una dari ya mawe iliyo juu sana, na mimbari iliyopandishwa ngazi ndani ya ukuta, ili mmoja asome wengine wakila kimya. Kusimama hapo nusu saa si kupoteza wakati.

Kwa jina la Alhama de Aragón hahitaji mfasiri mtu aliyewahi kupita mtaa wa Hamamni, Unguja, penye hamamu ya Sultani Barghash. Jina ni lile lile la maji ya moto, na maji yenyewe hububujika kutoka ardhini tangu kabla ya Warumi, ambao nao waliyaoga. Liko ziwa zima la maji ya uvuguvugu ambamo watu huogelea. Kwa mtu aliyekaa kitandikoni saa nne, sijui dawa ya magoti iliyo bora zaidi.

Baada ya hapo bonde hupanuka, na miti ya matunda, mipichi na mitufaha na micheri, husimama safu kwa safu ikinywa maji ya mifereji. Mifereji hiyo huitwa acequias, neno jingine la Kiarabu, lenye maana ya kinyweshacho, na elimu ya kuyagawa maji yake, nani afungue lini na kwa muda gani, ilistawi sana katika mikono ya Waislamu waliobaki chini ya wafalme wa Kikristo. Waashi wao walijenga makanisa kwa matofali na vigae vya rangi, kwa ufundi wa misikiti, na mnara wa kanisa la Santa María huko Calatayud, wenye pande nane, ni mmojawapo wa majengo ya Aragón yaliyotiwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 1610 wazao wao, ingawa walikwisha kubatizwa kwa amri, walifukuzwa Aragón, wakaacha nyumba, mashamba na mifereji. Calatayud ni Qal'at Ayyub, ngome ya Ayub, na magofu ya ngome hiyo yangali juu ya mji, yenye rangi ya udongo kama vilima vyenyewe. Hakuna Ayub anayekaa pale, lakini kila karani wa posta huliandika jina lake kutwa.

Mbele ya Calatayud lipo jambo ambalo huwapata wageni wengi kwa ghafula. Barabara kuu ya zamani huuacha mto na kupanda vilima kuelekea El Frasno, lakini reli, iliyochongwa na wahandisi wa karne ya 19 waliojua kwamba treni haipendi mlima, hubaki na Jalón katika mapengo yake mpaka Ricla. Kanuni yangu ni hii: barabara na reli zikiachana, tazama reli imekwenda wapi, ndipo ujue maji yako wapi na magoti yatasalimika wapi. Vijia vya mashambani huufuata mto kwa kupindapinda, navyo ni virefu zaidi, lakini siku ya jua kali nitavichagua.

Kisha bonde hufunguka, huja La Almunia, ambayo ni bustani, na mwishoni Jalón humwaga maji yake katika Ebro, kaskazini-magharibi ya Zaragoza. Hapo hutawala upepo uitwao cierzo, mkavu na wa baridi, unaozaliwa pale hewa nzito inapokaa upande wa Ghuba ya Biscay na hewa nyepesi upande wa Mediterania, ukapita bonde la Ebro kama moshi unavyopita dohani. Anayeshuka na mto kwenda Zaragoza husukumwa nao. Anayepanda na mto hupigana nao siku nzima na kufika usiku.

Yaliyobaki ni ya ratiba. Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri, maana Julai joto huweza kupita nyuzi 35, na wakati wa baridi hewa nzito hulala mabondeni isiondoke. Katika bonde jirani la Jiloca, huko Calamocha, ilipimwa Desemba 1963 baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Vijiji vya Soria vina watu wachache mno, mkoa wote haufikii watu 10 kwa kilomita ya mraba, basi jaza chupa zako kila uonapo bomba la maji ya kunywa wala usitumainie duka lijalo, hasa baina ya saa 8 mchana na saa 11, wakati milango yote imefungwa na hata mbwa wamelala. Kofia ngumu ni lazima nje ya miji kwa sheria, na dereva anayekupita sharti aache nafasi ya mita 1.5 kwa uchache, sharti ambalo wengi hulishika.

Treni za mikoa hufuata bonde lote, na baadhi huchukua baiskeli, ila nafasi ni chache, kwa hiyo uliza kituoni kabla ya siku yenyewe. Panda treni hiyo mpaka Medinaceli uanzie safari juu. Ukianzia Calatayud, zile mita 470 ambazo mto ungekupa bure utazilipa zote wewe, na jioni Medinaceli atakudai mita 200 zake.