Shilingi ya msikilizaji wa Suam humfikia nani?

Mto Suam unateremka kutoka Mlima Elgon na kutenganisha Kenya na Uganda kabla ya kuendelea na safari yake na kuitwa Turkwel. Huku Kenya ni Trans Nzoia, barabara ya Endebess na Kitale. Ng'ambo, Uganda, ni Bukwo. Wasabaot wa Kenya na Wasebei wa Uganda wanaelewana bila mkalimani, na wimbo ukipendeza huvuka daraja kabla ya magunia ya mahindi. Malipo yake ndiyo yanayogawanyika mpakani. Mtu wa mji wa Suam aliyejisajili katika jukwaa la muziki la Spotify kama mteja wa Kenya akisikiliza wimbo wa Kisabaot, anahesabiwa katika mfuko wa malipo wa Kenya. Binamu yake wa Bukwo akiucheza wimbo uleule dakika hiyohiyo, anahesabiwa katika mfuko wa Uganda. Mwimbaji ni mmoja, lakini wasikilizaji wake wamegawanywa mara mbili, na katika kila mfuko ni wachache.

Naanzia hapo kwa sababu mjadala wa malipo ya muziki mtandaoni umezoea kuanzia kwingine: eti wimbo ukichezwa mara moja, msanii hulipwa senti ngapi? Apple Music iliwahi kuwaandikia wasanii mwaka 2021 kwamba kwa wastani hulipa karibu senti moja ya dola. Spotify hukadiriwa kulipa chini ya nusu ya hapo. Takwimu hizi zinapendwa kwa kuwa ni rahisi kukasirikia, ila hakuna bei kama hiyo iliyoandikwa popote. Ni jibu linalopatikana baada ya hesabu nyingine kwisha.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi. Kila mwezi, jukwaa linakusanya ada za wateja na pesa za matangazo katika nchi moja. Theluthi moja hivi linabaki nayo. Theluthi mbili ni za wenye haki za muziki. Kisha linahesabu nyimbo zote zilizochezwa nchini humo mwezi huo, kila moja ikiwa imesikilizwa angalau sekunde 30, na kugawa pesa kwa uwiano. Wimbo uliochukua sehemu moja kwa elfu ya usikilizaji wote unachukua sehemu moja kwa elfu ya pesa. Theluthi mbili si mgawo mbaya, nasema bila kuyatetea majukwaa. Katika enzi ya studio za River Road, Nairobi, wanamuziki wengi wa magharibi ya Kenya walirekodi, wakapewa mkupuo mmoja wa pesa na nauli ya kurudi nyumbani, na santuri zikauzwa miaka bila wao kuona shilingi nyingine.

Kasoro iko katika neno uwiano. Chukua mama mmoja wa Kitale anayelipa shilingi 300 kwa mwezi. Natumia tarakimu ya mviringo ili hesabu iende. Shilingi 200 zinakwenda kwa wenye haki. Yeye husikiliza tu muziki wa litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, jioni akishapika, labda mara 100 kwa mwezi. Tuseme mteja wa kawaida Kenya hucheza nyimbo 800. Ina maana kila wimbo unaochezwa unavuta senti 25. Waimba litungu wa mama yule watapata shilingi 25 kati ya 200 zake. Shilingi 175 zilizobaki zinakwenda kwa amapiano, Bongo Flava, Afrobeats na rapu ya Marekani, ambazo mama yule hajawahi kuzigusa. Hakuna aliyemwibia. Ndivyo mfumo ulivyoundwa.

Kuna njia nyingine, nayo ni kumgawia kila msikilizaji pesa zake peke yake. Kwa njia hiyo, shilingi 200 za mama zingekwenda zote kwa litungu, shilingi mbili kwa kila mara. SoundCloud ilianza kuwalipa wasanii huru namna hii mwaka 2021. Ukiisikia mara ya kwanza unajiuliza kwa nini dunia nzima haijaifuata.

Lakini igeuze kidogo. Fikiria kijana wa bodaboda pale Chwele mwenye spika kwenye pikipiki, anayecheza omutibo, muziki wa gitaa wa Waluhya, na nyimbo za Kibukusu kutwa nzima, mara 2,000 kwa mwezi. Katika mfumo wa sasa anawavutia wasanii wake shilingi 500, zaidi ya pesa alizolipa yeye. Katika mfumo wa pili wangepata zilezile 200. Kwa hiyo jibu linategemea nani hasa anayesikiliza muziki wa nyumbani: wazee wanaolipa na kusikiliza kidogo, au vijana wasiozima spika. Nchini Ufaransa, utafiti wa kituo cha taifa cha muziki uliotoka mwaka 2021 ulipata kwamba muziki wa kikale wa Ulaya ungenufaika sana, ila msanii wa kawaida aliye mbali na kilele angeongezewa euro chache tu kwa mwaka. Mimi bado naupendelea mfumo wa pili, kwa sababu ya haki kuliko kwa sababu ya faida. Atakayeuza matumaini makubwa juu yake anadanganya.

Jambo linaloniudhi zaidi ni dogo kwa sura. Tangu mwaka 2024, Spotify hailipi wimbo ambao haujachezwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Pesa za nyimbo hizo hurudi mfukoni na kugawiwa zilizovuka. Sababu iliyotolewa ina mantiki: wimbo wa namna hiyo huingiza senti chache za dola kwa mwezi, na hukwama kwa wasambazaji wa mtandaoni kama DistroKid au TuneCore bila kumfikia mwenyewe. Basi mchukue mpiga litungu wa Kimilili aliyeweka nyimbo 20. Kila moja imechezwa mara 900 kwa mwaka. Jumla ni mara 18,000, na kwa senti zetu 25 za mfano ni shilingi 4,500, si mbali na bei ya mifuko miwili ya mbolea ya ruzuku. Anapata sufuri. Mwenzake mwenye wimbo mmoja uliochezwa mara 18,000 analipwa zote. Muziki wa litungu una nyimbo nyingi kwa sababu una shughuli nyingi: kuna wa tohara, wa harusi, wa kumsifu marehemu, wa kumkejeli chifu. Sharti hili linamwadhibu mwenye utajiri wa namna hiyo.

Kabla ya kuilaumu Spotify kule Stockholm, hata hivyo, angalia akaunti ni ya nani. Jukwaa halimjui mwimbaji. Linamjua msambazaji, na msambazaji anamjua aliyefungua akaunti. Katika miji yetu ya magharibi, huyo mara nyingi ni mwenye studio. Amerekodi kwa bei nafuu, au kwa mkopo, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye laptopu na barua pepe, nyimbo zimepanda kwa jina lake. Hakuna karatasi iliyosainiwa. Halafu kuna majina. Mzee mmoja anaandikwa kwa tahajia tatu, mara kwa jina la ubatizo, mara kwa jina la ukoo, mara kwa jina la bendi, na mashine inamhesabu kama watu watatu wasiojuana. Kanda za zamani nazo zinapakiwa YouTube na yeyote aliye na redio kaseti na waya, na matangazo yakilipa, yanamlipa yeye. Haki ziko mbili katika kila rekodi, ya utunzi na ya sauti iliyorekodiwa, na msanii asiyeziandikisha zote anaweza kukosa hata zile senti tunazozigombania.

Vyama vya kukusanya mirabaha havikumsaidia msanii sana pia. Mwaka 2019 MCSK, chama cha watunzi, kiliwagawia wanachama wake 13,967 shilingi 2,530 kila mmoja, aliyetamba na asiyetamba sawasawa. Kelele zilizofuata zilistahili. Angalau Spotify huhesabu nani amesikilizwa.

Serikali ilionyesha inaweza kuingilia mgawo ikitaka. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 inaagiza kwamba katika miito ya simu, zile nyimbo unazosikia ukingojea mtu apokee, mwenye haki apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5 na mtoa huduma wa kati 8.5. Kwa majukwaa ya nje, asilimia hiyo isingeleta jipya, maana tayari yanatoa zaidi. Hapa ndipo wanasiasa hukosea shabaha, wanapigania ukubwa wa mgawo wakati tatizo liko ndani yake.

Wakati huohuo riziki iko kwingine. Tohara ya Wabukusu hufanyika Agosti ya kila mwaka wa shufwa, kama Imbalu ya ndugu zao Wagisu ng'ambo ya mto Lwakhakha, Uganda. Mwimbaji akialikwa kwa shilingi 10,000 usiku mmoja, bila kuhesabu noti anazotunzwa akiimba, ili kuzipata mtandaoni kwa senti zetu za mfano angehitaji kuchezwa mara 40,000. Wengi wanaomsikiliza usiku ule hawatamcheza Spotify kamwe. Wataomba wimbo uwekwe kwenye flashi au memori kadi dukani, wakamsikilize shambani na kwenye matatu bila kuacha alama katika hesabu yoyote.

Kwa hiyo nikiulizwa kama majukwaa haya yanalipa kwa haki, nasema mgawo wa jumla ni wa haki na ugawaji wa ndani haumfai msanii wa lugha ndogo. Kuna marekebisho mawili ambayo hayahitaji kubomoa mfumo. La kwanza, sharti la mara 1,000 lipimwe kwa msanii, si kwa wimbo. Mpiga litungu wetu wa Kimilili angelipwa mwaka huohuo. La pili, ripoti ya wapi msanii amesikilizwa, kwa kiwango cha mji, imfikie yeye mwenyewe, si aliyefungua akaunti peke yake. Mwimbaji wa Suam akiona kwamba nusu ya wasikilizaji wake wako Bukwo na Kapchorwa, atajua onyesho lake lijalo alipeleke upande gani wa daraja.