Malkia wa 1780 na bilauri ya maji

Tuseme bibi mmoja anamletea sonara wa soko la kambi ya wakimbizi ya Hagadera, Kenya, sarafu nene nyeupe, urithi wa mama yake. Upande mmoja una mwanamke mnene mwenye ushungi. Upande wa pili tai wa vichwa viwili na mwaka 1780. Huyo ni Maria Theresa, malkia wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo. Sarafu yake ilitumika Uhabeshi, Usomali na Uarabuni. Zanzibar waliiita reale ya Sham. Wafua fedha wa Kisomali waliziyeyusha nyingi zikawa mikufu na bangili.

Je, ni fedha kweli? Mizani ya dhahabu itasoma gramu 28.07. Sasa ifunge kwa uzi, uining'inize kwenye mizani huku imezama katika bilauri ya maji. Iliyo halali, fedha sehemu 833 katika 1,000 na iliyobaki shaba, itasoma takriban 25.3. Shaba tupu iliyopakwa fedha, hata ikiwa na uzito uleule nje ya maji, itashuka hadi 24.9, kwa sababu shaba ni nyepesi kwa ujazo na husukuma maji mengi zaidi. Mjanja anaweza kuchanganya shaba na risasi mpaka maji yenyewe yadanganyike. Basi idondoshe juu ya jiwe: yenye risasi nyingi hulia butu.

Warumi nao walimtukuza malkia aliyekufa. Faustina, mke wa kaisari Antoninus Pius, alifariki mwaka 140, na sarafu za fedha zikaendelea kupigwa zikimwita mungu. Lakini watawala waliofuata walizidi kutia shaba, hata kufikia mwisho wa miaka ya 260 fedha ilikuwa chini ya asilimia 5. Tindikali iliondoa shaba ya juujuu, ngozi ikang'aa. Ndiyo maana kipimo cha eksirei kinachoishia juu ya ngozi humsifu Mrumi kupita kiasi. Maji hupima mpaka moyoni.

Umri, hata hivyo, maji hayausemi. Vienna bado inazipiga sarafu za Maria Theresa, na Roma ilianza 1935 Mussolini alipoivamia Uhabeshi. London, Paris na Bombay nazo zilipiga. Zote zimeandikwa 1780. Anayetaka kuzitenganisha huchukua lenzi, akachunguza bruchi begani mwa malkia na manyoya ya mkia wa tai.