Bidoni Bovu Lina Sura

Mwezi huu ukurasa wetu wa utamaduni unatupeleka mbali kidogo, mpaka Porto-Novo, mji mkuu wa Benin, Afrika ya Magharibi. Huko yuko msanii anaitwa Romuald Hazoumè, aliyezaliwa mwaka 1962. Anatengeneza vinyago, lakini si vya mti. Anatumia madumu. Ndiyo, madumu haya haya tunayopanga nayo foleni bombani, ambayo wengi wetu tuliotoka Kongo tunayaita bidoni.

Kwanza tujue bidoni zake zinatoka wapi. Kwa miaka mingi petroli ya Nigeria ilikuwa rahisi kuliko ya Benin, kwa hiyo vijana waliivusha mpaka kwa magendo, juu ya pikipiki zilizojaa madumu kila upande. Watu wa kule huiita petroli hiyo kpayo. (Mwaka 2023 Nigeria iliondoa ruzuku ya mafuta na bei yake ikapanda ghafla.) Ili dumu libebe mafuta mengi zaidi, walilipasha moto mpaka plastiki ikalegea na kuvimba. Likibeba hivyo safari nyingi linachoka, linapasuka, linatupwa. Na pengine cheche moja tu inatosha, pikipiki na mwendeshaji wake vinaungua pamoja.

Hayo yaliyotupwa ndiyo Hazoumè anayoyaokota, tangu miaka ya 1980. Wewe mwenyewe chukua dumu lako, likate upande, uligeuze ulitazame. Mpini ni pua. Tundu la kumiminia ni mdomo, umeachama kama mtu anataka kusema kitu. Yeye anaongeza kidogo tu: nywele za nyuzi, manyoya, brashi kuukuu, waya, kipande cha kitambaa. Hapaki rangi nyingi. Mikwaruzo ya dumu anaiacha, maana ndiyo maisha yake.

Wengine watasema huo si utamaduni, ni takataka. Mimi nakataa. Hazoumè ametoka katika ukoo wa Wayoruba, familia ya Kikatoliki ambayo haikuacha kujua mila za vodun. Wayoruba wana ngoma ya Gelede, ya kuwaheshimu akina mama, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2001. Vinyago vya Gelede huvaliwa juu ya kichwa, na wachongaji waliweka juu yake mambo ya siku zao, hata cherehani na pikipiki. Kumbe wazee hawakuogopa vitu vipya! Na kwetu je? Warega, katika chama cha bwami, wana vinyago vidogo viitwavyo lukwakongo, vyenye ndevu za nyuzi. Havivaliwi usoni tu, vinashikwa mkononi, vinafungwa kwenye mkono, vinatundikwa kwenye ua, na kila kimoja kinamfundisha mtu namna ya kuishi na wenzake. Mti na nyuzi na chokaa nyeupe, vyote pamoja. Kuchanganya vitu si jambo la wazungu.

Kazi yake kubwa inaitwa La Bouche du Roi, jina la mahali kwenye pwani ya Benin ambako watumwa walipakiwa melini. Aliifanya kuanzia mwaka 1997 mpaka 2005. Ni vinyago 304 vya madumu vimelazwa chini, vimebanana, kwa umbo la meli Brookes ya Waingereza, ile ya mchoro maarufu wa miaka ya 1780 unaoonyesha watumwa wamepangwa kama dagaa. Nyuma ya meli kuna vinyago viwili vya wakubwa, kimoja cha njano cha mzungu na kimoja cheusi cha mfalme Mwafrika, katikati mizani. Hakumficha Mwafrika aliyeuza wenzake, na hapo namsifu. Sauti zinasikika zikitaja majina ya watu kwa lugha za kwao. Jumba la makumbusho la British Museum huko London liliinunua, likaionyesha mwaka 2007, miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa.

Sisi ambao kila siku tunaitwa kwa namba ya kadi, tunaelewa maana ya majina yale bila kufundishwa.

Mwaka huo huo wa 2007, mjini Kassel, Ujerumani, alipata tuzo ya Arnold Bode kwa mashua ya madumu aliyoiita Dream, yaani Ndoto. Ndani yake barua na picha za watu, nyuma yake picha kubwa ya kijiji cha pwani. Ni habari ya vijana wanaoondoka kwa bahari. Na mwaka 2024, Benin ilipoingia mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Venice, Italia, alikuwa mmoja wa wasanii wanne walioiwakilisha.

Basi, mwenye bidoni lililopasuka, lisilofaa tena kwa maji, asilitupe. Darasa la tano tunayapokea Jumamosi asubuhi, pamoja na vifuniko, kamba na mabaki ya vitenge. Makasi tunayo mawili tu. Watoto wengi wamezaliwa hapa kambini, kinyago hawajakiona hata kimoja, na wengine wameambiwa ni mambo ya shetani. Kwa hiyo wazee wetu, baba na mama mnaokumbuka vya kwenu vilikuwaje, vilitoka siku gani na nani aliruhusiwa kuvishika, tunawaomba mje mkae nao. Benchi litakuwepo kivulini.