Kitabu cha Batli na Daftari la Mgambo

Miongoni mwa hati za kale zilizohifadhiwa katika miji ya pwani ya New England, huko Marekani, ziko aina mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina uhusiano wowote. Ya kwanza ni kitabu cha batli, ambamo nahodha au malimu wake aliandika kwa mkono mwendo wa chombo, hali ya upepo na mambo ya kila siku ya safari. Ya pili ni daftari la mgambo, yaani orodha ya raia waliolazimishwa na sheria kuwa na silaha na kuhudhuria waitwapo. Kimoja ni cha bahari, na kingine ni cha nchi kavu. Walakini hutokea vikakutwa katika kasha moja, na pengine ndani ya jalada moja. Kwa maana karatasi ilikuwa na thamani, na kitabu kilichoanzia kwa safari ya baharini kiliweza kugeuzwa na kuandikwa mambo mengine kuanzia upande wa nyuma.

Vitabu hivyo hupendeza macho kwa mwandiko wake na ukale wake, lakini si rahisi kuvisoma. Kila kimoja kiliandikwa kwa haja maalumu, na yale yasiyohusu haja hiyo yaliachwa. Msomaji asiyejua kwa nini jambo fulani limeachwa atadhani halikuwapo. Ni heri basi kueleza namna kila kitabu kilivyoandikwa, na namna kimoja kinavyoweza kusahihisha dhana inayotokana na kingine. Mfano unaofaa ni mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts.

Salem na Bahari ya Hindi

Jina la Salem si geni katika historia ya Unguja. Merikebu za mji huo zilikuwa zikifika Afrika ya Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, zikileta nguo za pamba ambazo Waswahili waliziita merikani, na kurudi na pembe, sandarusi, karafuu na ngozi. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani kwa mkono wa Edmund Roberts. Na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani katika Unguja, Richard P. Waters, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem.

Katika mji huo, mwaka 1799, manahodha na wasimamizi wa shehena walianzisha chama chao cha East India Marine Society. Hakuingia mtu ila yule aliyekwisha kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Wanachama walihimizwa kuandika habari za safari zao na kuziweka chamani, ili nahodha mmoja afaidike kwa maarifa ya mwingine. Nathaniel Bowditch, ambaye kitabu chake cha uanamaji kilichotolewa mwaka 1802 kilienea sana katika merikebu za Marekani, alikuwa mwana wa mji huo na mwanachama. Mali ya chama hicho leo imo katika jumba la makumbusho la Peabody Essex.

Jinsi batli ilivyoandikwa

Batli kwanza ni chombo cha kupimia mwendo, kisha ndipo jina likapewa kitabu. Kibao kilichofungwa kamba yenye mafundo kilitupwa majini upande wa tezi, na wakati huohuo shisha ya mchanga ikapinduliwa. Mchanga ulipokwisha, baada ya sekunde 28 kwa kawaida, kamba ilizuiwa na mafundo yaliyotoka yakahesabiwa. Nafasi baina ya fundo na fundo ilikuwa futi 47 hivi, ili idadi ya mafundo iwe sawa na idadi ya maili za baharini kwa saa. Tendo hilo lilirudiwa kila saa moja au mbili, usiku na mchana.

Ukurasa wa batli ulipigwa mistari kwa mpango maalumu: safu ya saa, safu ya mafundo, safu ya sehemu za fundo, kisha mwelekeo wa dira, kisha upepo, na upande wa kulia nafasi pana ya maelezo. Chini yake iliandikwa mahali merikebu ilipofika adhuhuri kwa hesabu ya mwendo, na pia kwa kipimo cha jua ikiwa mbingu zilikuwa wazi. Vipimo hivyo viwili aghalabu havikulingana, na tofauti yake ilimwonya nahodha kwamba mkondo wa bahari ulikuwa ukimchukua.

Maelezo yenyewe ni ya mkato. Tanga lililopunguzwa, chombo kilichoonekana kwa mbali, pipa la nyama lililofunguliwa: hayo ndiyo yaliyojaza ukurasa. Mabaharia wenyewe hawatajwi kwa majina ila mmoja wao augue, atoroke, aadhibiwe au afe. Siku nyingine zote wao ni watu tu, waliokuwa wakifanya kazi mbalimbali. Merikebu ikiwa bandarini, vipimo hukoma, na kitabu huwa hesabu ya shehena. Aghalabu hapo hutajwa idadi ya mizigo, na wachukuzi walioipakia hawatajwi. Aliyeandika hakukusudia kuwaficha. Nahodha alijibu kwa mwenye chombo na kwa mwenye bima, nao waliuliza habari za mali.

Ziko hatari mbili zimpatazo msomaji. Ya kwanza ni tarehe. Siku ya baharini ilianza adhuhuri, saa kumi na mbili kabla ya siku ya nchi kavu, hata jambo lililotokea Jumatatu alasiri likaandikwa chini ya Jumanne. Jeshi la Bahari la Uingereza liliacha desturi hiyo mwaka 1805, lakini merikebu za biashara za Marekani ziliendelea nayo baadaye. Tena chombo kilipotia nanga baadhi ya waandishi walirudia siku ya kawaida. Mswahili hana haja ya kushangaa, kwa kuwa kwake yeye usiku wa Jumanne huanza jua litakapokuchwa Jumatatu. Walakini mtu anayelinganisha batli na barua au gazeti la siku zile, bila kuyajua hayo, ataona tofauti ya siku nzima na kudhani kwamba mmoja wa waandishi amesema uwongo.

Hatari ya pili ni cheo. Kiingereza hutumia neno moja kwa mkuu wa merikebu na kwa mkuu wa kikosi cha askari. Kiswahili kimewatenga: wa kwanza ni nahodha, neno lililotoka Uajemi lenye maana ya bwana wa chombo, na wa pili ni kapteni. Kwa hiyo mtu aliyetajwa kwa cheo hicho katika hati za Salem huenda alikuwa nahodha, huenda alikuwa kapteni wa mgambo, na huenda alikuwa yote mawili kwa nyakati mbalimbali. Cheo peke yake hakitoshi kuamua.

Jinsi mgambo ulivyoandikwa

Neno mgambo kwa asili lahusu tangazo la mji lililopigwa kwa pembe, na wahenga wamesema kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jina hilo lalifaa jeshi la namna hii, kwa sababu mwanamgambo si askari wa kazi. Ni mkulima, seremala au mvuvi aachaye kazi yake atakapoitwa.

Katika Marekani jambo hilo lilitiwa nguvu na sheria ya tarehe 8 Mei 1792. Sheria ilimwagiza kapteni wa kila kikosi kumwandika kila raia mwanamume mweupe aliye mzima, mwenye umri wa miaka 18 hadi 45, akaaye katika eneo lake, na kumpelekea habari kwamba ameandikwa. Mwananchi huyo alipewa miezi sita kujipatia kwa mali yake mwenyewe bunduki, singe na mshipi wake, mawe mawili ya akiba ya kuwashia baruti, mfuko wa mgongoni, na mkoba wa risasi zisizopungua 24. Kikosi kilikadiriwa kuwa na askari wa kawaida 64, pamoja na maofisa wao, mpiga ngoma na mpiga filimbi. Kwa hiyo madaftari ya mgambo yana safu zake pia: jina, kisha bunduki, kisha singe, hata mwisho wa vifaa. Kama vile batli inavyohesabu mafundo, daftari hili lahesabu silaha.

Yapasa kutofautisha orodha mbili. Orodha ya uandikishaji yaonyesha ni nani aliyepaswa kutumika. Orodha ya mahudhurio na malipo yaonyesha ni nani aliyeitwa kweli, na kwa siku ngapi. Wengi walioandikwa katika ile ya kwanza hawakupata kamwe kuisikia bunduki ya adui, na jamaa zao walioiona orodha hiyo baadaye wamewafanya mashujaa wa vita wasivyovipigana.

Jina lisiloonekana

Sheria hiyo ya mwaka 1792 iliwasamehe watu wa kazi fulani, na miongoni mwao ni marubani na mabaharia walio katika kazi ya baharini wakati ule. Hapo ndipo vitabu viwili vinapokutana. Kijana wa Salem aliyekuwa pwani bila chombo alipaswa kuandikwa katika mgambo. Akipata chombo, alisamehewa. Basi jina laweza kuonekana katika daftari mwaka mmoja, kutoweka miaka miwili, kisha kurudi. Msomaji wa daftari peke yake atadhani mtu huyo amehama au amekufa. Batli humwonyesha kwamba merikebu yake ilikuwa mbali, ikisubiri upepo wa kurudi. Kadhalika, serikali ilipozuia vyombo kusafiri ng'ambo kutoka Desemba 1807 hadi Machi 1809, na tena wakati wa vita na Uingereza vya miaka 1812 hadi 1815, mabaharia wengi walikaa bure nchi kavu, na msamaha wao ukakosa msingi.

Lakini ziko sababu nyingine za jina kutoonekana. Mtu aliyepita miaka 45 aliondolewa. Na mtu mweusi, hata akiwa huru na mzaliwa wa Massachusetts, hakuwamo katika watu ambao sheria ya taifa iliagiza waandikwe. Neno lile la weupe halikuondolewa mpaka mwaka 1867. Hali baharini watu weusi walikuwa wengi katika merikebu za New England, wakivuta kamba zile zile na kula katika chungu kile kile. Daftari la mgambo linawanyamazia kwa sababu ya sheria, na batli inawanyamazia kwa sababu ya desturi yake ya kutotaja majina. Anayetegemea vitabu hivyo viwili tu ataeleza habari za mji wa pwani ambamo hawakuwapo.

Dawa yake ni hati ya tatu. Tangu mwaka 1796 mabaharia wa Marekani waliweza kupewa cheti cha uraia, kilichoandikwa umri, kimo na rangi ya mwenyewe, ili wasikamatwe na kutiwa kwa nguvu katika manowari za Waingereza. Na kwa sheria ya mwaka 1803 nahodha alitakiwa kumpa mkuu wa forodha orodha ya mabaharia wake, pamoja na mahali walikozaliwa na wanakokaa. Yule ambaye batli yamwita mtu tu, orodha ya forodha yampa jina.

Faida ya mstari mmoja

Isidhaniwe kwamba haya ni mambo ya wapenda ukale peke yao. Mwaka 1832 bunge la Marekani liliwapa pensheni wazee waliopigana vita vya uhuru, wakiwamo wanamgambo, maadamu walitumika kwa muda usiopungua miezi sita. Lakini hati nyingi za Wizara ya Vita ziliteketea kwa moto mwezi wa Novemba 1800. Wazee wenye miaka sabini na themanini iliwabidi kusimama mbele ya mahakama na kueleza kwa kiapo majina ya makapteni wao na mahali walikokwenda. Tena sheria ya mwaka 1855 ilitoa ekari 160 za ardhi kwa aliyetumika vitani siku 14 tu, au kwa mjane wake. Kwa mwanamke fukara, mstari mmoja katika orodha ya mahudhurio ulikuwa ni shamba.

Batli nazo zilipata kazi ambayo waandishi wake hawakuitazamia. Matthew Fontaine Maury, ofisa wa Jeshi la Bahari la Marekani, alikusanya habari za upepo na mikondo kutoka katika batli nyingi, na tangu mwaka 1847 akatoa ramani zilizofupisha safari. Karne moja na nusu baadaye, wataalamu wa hali ya hewa wamezirudia batli za zamani ili wajue upepo wa bahari ulivyokuwa kabla ya vyombo vya kisasa vya kupimia. Nahodha aliandika upepo kwa faida ya siku yake, na wajukuu wa watu wengine wakafaidika.

Kwa hiyo mtu aliyerithi kitabu cha namna hii asikigawe. Imekuwa desturi ya baadhi ya wachuuzi kutenga kurasa zenye picha au majina mashuhuri na kuziuza moja moja; na kitabu chenye batli upande mmoja na mgambo upande wa pili hushawishi zaidi kukatwa, kwa kuwa kina wanunuzi wa namna mbili. Lakini kikikatwa, huondoka ushahidi kwamba mkono ulioandika mafundo ya merikebu ndio ulioandika bunduki za majirani. Afadhali kiachwe kama kilivyo, kitiwe namba za kurasa kwa kalamu ya risasi kutoka pande zote mbili, kinakiliwe, na nakala iwekwe mahali pa watu wote, pamoja na maelezo ya kasha lilimotoka na hati zilizokuwa kando yake.