Injini na Thamani ya Pikapu Inapouzwa Tena

Pikapu ni gari dogo la mizigo, lenye chumba cha dereva mbele na bodi ya wazi nyuma. Katika Tanzania na nchi jirani, gari hili hubeba mahindi kutoka shambani, saruji ya ujenzi, dawa za zahanati na chakula cha shule. Kwa kuwa bei ya gari jipya ni kubwa, wananchi wengi, shule na vyama vya ushirika hununua pikapu iliyokwisha kutumika. Mnunuzi hutazama rangi, bodi na matairi, lakini aghalabu jambo linalogeuza bei kuliko hayo yote ni aina ya injini. Pikapu mbili za mwaka mmoja, zilizotoka katika kiwanda kimoja na kwenda masafa sawa, zaweza kutofautiana bei kwa mamilioni ya shilingi kwa sababu ya injini tu. Makala haya yanaeleza chanzo cha tofauti hiyo.

Bei ya gari lililotumika

Bei ya gari jipya hutokana na gharama za kulitengeneza na kulisafirisha, pamoja na ushuru na faida ya mwuzaji. Bei ya gari lililotumika huhesabiwa kwa njia nyingine. Mnunuzi hukadiria kazi ambayo gari litaweza kufanya katika miaka yake iliyosalia, kisha hutoa gharama za mafuta na matengenezo. Gharama hizo hazijulikani kwa hakika; kwa hiyo pale mnunuzi anapoogopa hasara kubwa, hupunguza kiasi anachokubali kulipa. Injini huingia katika makadirio hayo kwa njia tatu: mafuta inayotumia, uimara wake, na wepesi wa kuitengeneza inapoharibika.

Petroli na dizeli

Katika injini ya petroli, mchanganyiko wa hewa na petroli hugandamizwa ndani ya silinda mpaka ubaki takribani sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa kwanza, kisha huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli, ambayo mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg mwaka 1897, hufanya kazi tofauti. Hewa peke yake hugandamizwa mpaka ibaki sehemu moja ya kumi na sita, na katika injini nyingine hata moja ya ishirini na mbili. Mgandamizo huo huipasha hewa joto linalopita nyuzi 500 za Selsiasi, na dizeli inyunyizwapo ndani huwaka yenyewe.

Tofauti hiyo ina matokeo matatu. Kwanza, kadiri mgandamizo unavyozidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto inavyogeuzwa kuwa kazi. Pili, lita moja ya dizeli ina nishati ya takribani megajouli 36, na ya petroli megajouli 32. Tatu, ili kustahimili kanieneo kubwa, injini ya dizeli hujengwa kwa sehemu nzito na imara, na kwa kawaida huzunguka polepole zaidi. Ikibadilishiwa oili kwa wakati, huchakaa taratibu.

Mfano wa hesabu utaonyesha jinsi mambo hayo yanavyogeuka kuwa fedha. Ichukuliwe kwamba pikapu ya petroli hutumia lita 12 kwa kila kilomita 100, na ya dizeli lita 9. Kila moja huenda kilomita 30,000 kwa mwaka, na bei ya mafuta yote mawili ni shilingi 3,000 kwa lita. Ya petroli itatumia lita 3,600 na ya dizeli lita 2,700. Tofauti ya lita 900 ni shilingi 2,700,000 kwa mwaka, au shilingi 10,800,000 kwa miaka minne. Mfanyabiashara anayesafiri masafa hayo ana sababu ya kulipa zaidi ili apate dizeli. Lakini mtu aendaye kilomita 5,000 tu kwa mwaka ataokoa shilingi 450,000 kila mwaka, yaani shilingi 1,800,000 kwa miaka hiyo minne. Kwake yeye, pikapu ya petroli yenye bei nafuu yaweza kuwa chaguo bora.

Dizeli ya zamani na dizeli ya kisasa

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba injini mpya zaidi si lazima ihifadhi thamani zaidi. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyoanza kutumika katika Land Cruiser mwaka 1990, ina silinda sita zenye ujazo wa lita 4.2 na hutoa takribani kilowati 96. Injini ya dizeli ya lita 2.4 iliyowekwa katika Hilux za kizazi cha mwaka 2015 hutoa kilowati 110, ingawa ujazo wake ni mdogo kwa kiasi kikubwa. Hata hivyo 1HZ iliendelea kuuzwa barani Afrika zaidi ya miaka thelathini baada ya kuanza kwake, na magari yenye injini hiyo hutafutwa sana hata yanapokuwa makuukuu.

Sababu yapatikana katika njia ya kunyunyiza mafuta. 1HZ haina tabo, na pampu yake huendeshwa na injini yenyewe bila kutegemea kompyuta. Nozeli zake hufunguka kwa kanieneo ya mara mia moja na zaidi ya ile ya angahewa. Katika dizeli ya kisasa, mafuta huwekwa katika bomba moja la pamoja kwa kanieneo inayoweza kupita mara 1,600 ya angahewa, na kompyuta huamuru kila nozeli ifunguke kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mafuta hugawanyika kuwa matone madogo mno na kuungua vizuri. Ndiyo maana injini ndogo hutoa nguvu nyingi na moshi mchache.

Lakini nozeli hizo zina mianya ya mikromita chache tu, ilhali unywele wa binadamu una unene wa takribani mikromita 70. Vumbi au maji yakipita katika chujio, nozeli huharibika. Mafuta ya taa yakichanganywa katika dizeli hupunguza ulainishaji, na vyuma vya pampu husagana. Uchanganyaji huo ulienea Tanzania wakati mafuta ya taa yalipokuwa na bei ndogo kuliko dizeli. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili udanganyifu ugunduliwe, na mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa. Tena mwaka 2015 nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza kufuata kiwango cha dizeli chenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Hatua kama hizi huhifadhi injini za kisasa, na kwa njia hiyo huhifadhi pia thamani yake sokoni.

Hofu ya mnunuzi yaweza kupimwa kwa hesabu ya uwezekano. Ikiwa, kwa mfano, gari moja katika kila manne litahitaji nozeli mpya za shilingi 8,000,000, hasara inayotazamiwa kwa kila gari ni robo ya kiasi hicho, yaani shilingi 2,000,000. Mnunuzi mwangalifu atapunguza bei kwa kadiri hiyo. Mjini, penye mafundi wenye vifaa vya kusoma kompyuta ya gari, punguzo huwa dogo. Mahali ambapo fundi ana spana na uzoefu wake tu, punguzo huwa kubwa, na injini sahili hupanda thamani.

Mambo ya kuchunguza

Sifa ya aina ya injini haitoshi. Hali ya injini yenyewe ni lazima ichunguzwe. Injini iliyowahi kuchemka yaweza kuwa na kichwa cha silinda kilichopinda. Moshi wa buluu huonyesha kuwa oili inaungua, na oili yenye rangi ya maziwa huonyesha kuwa maji yameingia ndani yake. Kumbukumbu za matengenezo humwondolea mnunuzi sehemu ya hofu, na kwa hiyo humwongezea mwuzaji fedha. Aidha, namba ya injini huandikwa katika kadi ya gari. Pikapu iliyobadilishwa injini pasipo badiliko hilo kusajiliwa hupoteza thamani, hata kama injini iliyomo ni nzuri.

Zoezi kwa darasa

1. Rudieni hesabu ya mafuta kwa kutumia bei za sasa za petroli na dizeli katika mji wenu. Tafuteni idadi ya kilomita kwa mwaka ambayo kwayo pikapu ya dizeli, iliyozidi ile ya petroli kwa shilingi 6,000,000, itarudisha fedha hizo katika miaka minne.

2. Waulizeni mafundi watatu ni injini zipi wanazoweza kutengeneza bila kuagiza vipuri kutoka mji mwingine. Linganisheni majibu yao na bei za pikapu zinazouzwa mahali penu.